Je, mpaka wa kilomita 660 huzuia mwamba wa moto usipande?

Swali limeletwa na mwalimu wa jiografia wa shule moja ya sekondari mkoani Arusha. Anasema amekuta maelezo mawili yanayopingana. La kwanza linasema nyanda za juu za Afrika Mashariki zimeinuliwa na joto linalopanda kutoka karibu na kiini cha Dunia, kilomita 2,900 hivi chini ya miguu yetu. La pili linasema kwamba kwenye kina cha kilomita 660 madini hugeuka kwa namna inayoutia mwamba wa moto breki. Anauliza: kama breki hiyo ipo, joto limepitaje? Na je, lava ya Ol Doinyo Lengai hutoka huko?

Mwalimu, maelezo yote mawili yana ukweli ndani yake, ila la pili limeishia njiani. Breki ipo na inaweza kukadiriwa kwa hesabu ya karatasi na kalamu. Tatizo ni kwamba wengi huitaja breki bila kutaja uzito wa gari. Tena breki yenyewe hulegea kadiri mwamba unavyokuwa wa moto zaidi, jambo ambalo vitabu vya shule hulipita kimya.

Nianze kwa kuondoa dhana moja ambayo wanafunzi huwa nayo. Koti la Dunia, yaani lile tabaka nene lililo kati ya ganda na kiini, si bahari ya uji wa moto. Ni mwamba mgumu ambao, kwa sababu ya joto na muda mrefu mno, hutiririka kwa mwendo wa sentimita chache kwa mwaka. Ninaposema nguzo ya joto, basi, nakusudia mwamba mgumu ulio moto kuliko majirani zake kwa nyuzi 200 hadi 300 za Selsiasi, uliotanuka kidogo, ukawa mwepesi kidogo, ukaanza kupanda. Tofauti hiyo ya uzito ni ndogo sana. Kwa nyuzi 250 haifiki hata asilimia 1. Ni kama asilimia 0.6. Tafadhali ishike namba hiyo, kwa sababu hukumu yote ya swali lako imeegemea juu yake.

Mwamba wenyewe unafahamika huko kwenu. Kwenye kilima cha volkano cha Lashaine, karibu na Monduli, lava ya kale ilibeba vipande vya koti na kuvileta juu, na ndani yake zimejaa punje za kijani za olivini, madini yaleyale ambayo wauzaji wa vito huyaita peridoti yakiwa safi. Katika sehemu ya juu ya koti, olivini ni karibu asilimia 60 ya mwamba wote. Iliyobaki ni piroksini na ganeti. Sasa ukiishusha olivini hiyo chini, haiyeyuki. Atomu zake hujipanga upya ili zibanane zaidi, kemia ikibaki ileile. Kwenye kina cha kilomita 410 huwa wadsleiti. Kwenye kilomita 520 hivi huwa ringwuditi. Na kwenye kilomita 660, ambako kanieneo ni zaidi ya mara 230,000 ya ile ya hewa tunayoivuta, ringwuditi hugawanyika kuwa madini mawili, brijimaniti na feroperiklasi. Wazo la kwanza kwamba olivini inaweza kubadili mpangilio wa atomu zake huko chini lilitolewa na John Desmond Bernal mwaka 1936, wakati ambapo hakuna maabara iliyoweza kulithibitisha. Brijimaniti ndiyo madini yaliyo mengi kuliko yote katika Dunia, lakini haikupewa jina rasmi hadi 2014, baada ya punje zake za asili kupatikana ndani ya kimondo cha Tenham kilichoanguka Australia mwaka 1879. Kanuni za kutaja madini hudai sampuli ya asili, na ile iliyo chini yetu haifikiki.

Kila mgeuko huongeza densiti, yaani uzito kwa ujazo. Kwenye kilomita 410 ongezeko ni takriban asilimia 5, na kwenye 660 ni kati ya asilimia 6 na 10. Mimi nitatumia 8. Linganisha namba hizo na ile 0.6 ya joto. Mgeuko wa madini una nguvu kama mara kumi kuliko kutanuka kwa joto, kwa hiyo ukitokea mapema au ukichelewa hata kwa kilomita chache tu ndani ya nguzo, matokeo yake si madogo.

Na hapo ndipo joto linapoingia, kwa sababu kina cha mgeuko hutegemea joto. Ili kuona namna linavyoingia, tuache miamba kwa muda tutazame chupa ya mafuta ya nazi na bilauri ya maji yenye barafu. Asubuhi ya Julai huko Lushoto mafuta ya nazi huganda, na pande lililoganda huzama chini ya mafuta yaliyobaki, kwa kuwa yakiganda hujikunja na kuwa mazito zaidi. Hali nzito ni ile ya baridi. Ukiyakandamiza unayasaidia kuganda, na kadiri yalivyo ya moto ndivyo itakavyokubidi kuyakandamiza zaidi. Barafu ni kinyume chake: huelea, maana hali nzito ni maji, na maji ndiyo hali ya joto. Ukiikandamiza barafu unaisaidia kuyeyuka, na kadiri inavyokaribia kuyeyuka ndivyo kanieneo ndogo inavyotosha. Uhusiano huu kati ya joto na kanieneo ya mgeuko huitwa mwinamo wa Clapeyron, kwa jina la mhandisi Mfaransa aliyeueleza mwaka 1834. Mafuta ya nazi yana mwinamo chanya. Barafu ina mwinamo hasi.

Mpaka wa kilomita 410 una tabia ya mafuta ya nazi, na mpaka wa kilomita 660 una tabia ya barafu, ingawa, narudia, hapa hakuna kinachoyeyuka. Ni kitu kigumu kugeuka kuwa kitu kigumu kingine. Kwenye 660, joto hupendelea madini mazito. Nguzo ya moto ikifika hapo kutoka chini, majirani zake wa baridi wamekwisha kugeuka kuwa ringwuditi nyepesi, lakini yenyewe bado imeng'ang'ania brijimaniti yake nzito, na haitaiachia mpaka ipande kilomita kadhaa zaidi. Katika kipande hicho kifupi nguzo, ingawa ni ya moto, ni nzito kuliko mwamba unaoizunguka. Hiyo ndiyo breki uliyosoma.

Sasa tuipime. Vipimo vya maabara, vinavyofanywa kwa mashinikizo makubwa na kwa vyombo vinavyobana chembe ya madini kati ya ncha mbili za almasi, vinatoa mwinamo wa 660 ulio kati ya hasi 0.5 na hasi 3 megapaskali (kipimo cha kanieneo) kwa kila digrii. Tuchukue hasi 2. Nguzo iliyozidi majirani kwa digrii 250 itageuka kwenye kanieneo iliyopungua kwa megapaskali 500. Na kwa kuwa katika kina hicho kanieneo huongezeka kwa megapaskali 40 hivi kwa kila kilomita, mpaka ndani ya nguzo utakuwa umeinuka kwa kilomita 12 na ushei. Kilomita 12 zenye uzito wa ziada wa asilimia 8 ni sawa na nguvu ya kuelea ya kilomita 160 za nguzo yenye wepesi wa asilimia 0.6. Kwa maneno mengine, nguzo yoyote iliyo na zaidi ya kilomita 160 za mwamba wa moto zinazosukuma kwa pamoja ina nguvu ya kutosha kulipia ushuru wa mpaka huo. Nguzo inayotoka kwenye kiini ina urefu wa zaidi ya kilomita 2,000 chini ya mpaka. Ukitumia mwinamo mkali zaidi wa hasi 3, ushuru hupanda hadi kilomita 250 hivi, na bado hulipika.

Hesabu hii ni ya kukadiria tu, maana nguzo si fimbo moja inayosukuma kwa nguvu zake zote mahali pamoja. Lakini mifano ya kompyuta iliyoijaribu kwa uangalifu zaidi inaelekea upande huohuo. Ulrich Christensen na David Yuen walionyesha mwaka 1985 kwamba ili mpaka wa 660 uligawe koti kuwa ghorofa mbili zisizochanganyika, mwinamo ungepaswa kuwa mkali kuliko ule unaopimwa maabara. Kinachobaki ni athari ya kati: mwamba dhaifu, ule wa nyuzi chache za ziada au wa kibonge kidogo kilichokatika na kubaki peke yake, unaweza kukwama chini ya mpaka na kusambaa kando kwa muda, lakini nguzo nene yenye mizizi hupita. Neno "dari", ambalo nimeliona likitumika kwa mpaka huu hata katika maandishi ya watu wanaojua, kwa maoni yangu linapotosha.

Na nguzo ikishapita, inapewa zawadi. Kwenye 410, ambako mwinamo ni chanya, mwamba wa moto hugeuka kuwa olivini nyepesi mapema kuliko majirani, wakati bado uko chini zaidi. Kwa mwinamo wa megapaskali 3 kwa digrii, mpaka ndani ya nguzo hushuka kwa kilomita 20 hivi, na katika kilomita hizo nguzo huwa nyepesi kwa asilimia 5. Hiyo ni karibu sawa na deni lote lililolipwa kwenye 660. Mpaka mmoja huchukua na mwingine hurudisha, kilomita 250 juu yake. Joto fiche, yaani lile ambalo mgeuko wenyewe hulitoa au hulinyonya, nalo hufanya hesabu ya kinyume: mwamba unaopanda hutoa joto unapovuka 660 na hulinyonya unapovuka 410, makumi kadhaa ya digrii kila mara, jambo linalopunguza makali ya breki na pia ya zawadi.

Kufikia hapa nimezungumza kana kwamba mwamba ni olivini tupu, na hilo ndilo kosa ambalo maelezo mengi hulifanya. Ganeti haifuati sheria za olivini. Mwaka 2002 Kei Hirose alichapisha majaribio aliyofanya kwa mchanganyiko unaofanana na mwamba halisi wa koti, akaonyesha kwamba joto likizidi nyuzi 1,800 za Selsiasi hivi, mgeuko mkuu wa eneo la 660 hauwi tena wa ringwuditi, bali wa ganeti aina ya majoriti kugeuka kuwa brijimaniti, na mgeuko huo una mwinamo chanya. Sasa fikiria: mwamba wa kawaida kwenye kina hicho una joto la nyuzi 1,600 hivi. Ongeza 250 za nguzo, unapata 1,850. Nguzo yenye joto la kutosha basi inauvuka mpaka kwa sheria ya mafuta ya nazi na si ya barafu; breki inageuka kuwa msukumo. Nguzo ya vuguvugu, yenye ziada ya nyuzi 100 tu, inabaki chini ya sheria ya zamani. Kwa hiyo swali "je, 660 huzuia au haizuii?" halina jibu moja kwa nguzo zote. Lazima kwanza uulize nguzo ina joto kiasi gani.

Hilo linatuleta nyumbani, kwa sababu Afrika Mashariki ni mojawapo ya mahali ambapo tofauti hii ina maana. Mipaka ya madini huweza kuonekana kwa mawimbi ya matetemeko. Tetemeko la mbali likitokea, wimbi la kwanza, lile la mgandamizo, likigonga mpaka wa 410 au wa 660 kutoka chini, sehemu yake ndogo hugeuka kuwa wimbi la mkato, ambalo huenda polepole na kuchelewa kufika. Chini ya kituo cha kawaida, wimbi lililogeukia kwenye 410 huchelewa kwa sekunde 44 hivi nyuma ya wimbi la kwanza, na lile la 660 kwa sekunde 68. Tofauti ni sekunde 24, ambazo ndizo unene wa ukanda ulio kati ya mipaka hiyo miwili. Kama nguzo ya moto imepita hapo, 410 itakuwa imeshuka na 660 imeinuka. Kwa namba zetu za hapo juu ukanda ungekuwa umepungua kwa kilomita zaidi ya 30, na zile sekunde 24 zingepungua kwa karibu sekunde 3.

Mwaka 1994 hadi 1995 vipima tetemeko 20 viliwekwa nchini Tanzania, kuvuka ngao ya kale, yaani eneo la miamba mikongwe, ya katikati ya nchi hadi kwenye Bonde la Ufa. Vilionyesha kwamba chini ya ufa wa mashariki mpaka wa 410 umezama kwa makumi ya kilomita, kama inavyotarajiwa kwa mwamba uliozidi joto kwa nyuzi mia mbili au tatu. Lakini mpaka wa 660 haukuonekana kuinuka kwa kiasi hicho. Wengine waliusoma unyamavu huo wa 660 kama ushahidi kwamba joto la ufa linaanzia juu ya mpaka na halina mzizi chini yake. Kwa mtu anayeijua olivini peke yake, hoja hiyo ni ya haki. Kwa mtu aliyeikumbuka ganeti si lazima iwe hivyo, maana katika nguzo ya moto sana mgeuko wa olivini unauvuta mpaka juu na ule wa ganeti unauvuta chini, na mpaka unaweza kubaki karibu pale ulipokuwa. Mimi mwenyewe ninaegemea tafsiri hii ya pili, kwa sababu mbili zisizotegemea madini. Picha zilizotengenezwa kwa mawimbi ya mkato zinaonyesha eneo kubwa la mwamba ambamo mawimbi hayo huenda polepole, linaloanzia kwenye mpaka wa kiini chini ya kusini mwa Afrika na kupanda kwa kuinama kuelekea kaskazini-mashariki. Aidha, katika volkano za Rungwe, kule Mbeya, uwiano wa heli-3 kwa heli-4, aina mbili za gesi ya heli, hufikia karibu mara 15 ya ule wa hewa, kiwango kinachozidi kwa mbali kile cha lava za migongo ya katikati ya bahari, ambazo hutoka kwenye koti la juu na huwa na mara 8 hivi.

Nguzo hiyo ya Afrika inapoinama inatukumbusha kwamba mpaka wa 660 pia ni mahali ambapo mnato hubadilika. Mwamba wa chini ni mzito wa kutiririka mara nyingi zaidi kuliko wa juu, pengine mara 10, pengine karibu 100, na badiliko lenyewe huenda liko chini kidogo, kuelekea kilomita 1,000. Nguzo nene na ya polepole, ikivuka kuingia kwenye mwamba laini, hukonda na kuongeza mwendo, kama asali inayomiminika kutoka kijikoni. Wanaotazama picha za mawimbi wakaona nguzo imekatika kwenye kina hicho, mara nyingi wanaona kukonda huku, wala si kuzuiwa.

Kuna breki nyingine ambayo haitajwi sana na ambayo, kwa nguzo fulani, naiona kuwa kali kuliko ya 660. Nguzo nyingi hubeba mabaki ya ganda la bahari lililozama zamani, ambalo kwa kina kikubwa huwa mwamba uitwao eklojaiti. Kwenye kina cha kilomita 300 hivi silika iliyo ndani yake huwa katika hali ya stishoviti, iliyo nzito sana, na kati ya kilomita 300 na 410 mzigo huo huizidi olivini ya jirani kwa uzito kiasi kwamba nguzo inaweza kutua hapo, ikatanuka kama dimbwi, ikasubiri kabla ya kuendelea. Kwa Hawaii wazo hili limefanyiwa kazi kwa kina, na linaeleza vizuri kwa nini picha ya nguzo yake hapo juu ni pana na isiyo na ulinganifu.

Kuhusu Ol Doinyo Lengai: la, lava yake haitoki kilomita 660, wala 410. Nguzo hubaki mwamba mgumu safari nzima, na huanza kuyeyuka kidogo tu inapofika kilomita mia moja na kitu chini ya uso, ambako kanieneo imepungua vya kutosha. Lava ile nyeusi ya kaboneti ya sodiamu, ambayo joto lake halifiki hata nyuzi 600, ni zao la mwisho la kuchujwa kwa magma ndani ya sehemu ya juu kabisa ya koti na ganda. Nguzo imechangia joto na gesi. Haikutuma lava yenyewe.

Kama unataka kuwaonyesha wanafunzi mgeuko wa madini kwa macho, rudi Lashaine. Katika baadhi ya mawe yale ya kijani utaona punje za ganeti zenye wekundu wa zambarau. Katika mwamba wa namna hiyo ganeti haidumu kwenye kina kisichofika kilomita 70 au 80. Hapo hupaswa kugeuka kuwa spineli na piroksini. Lava iliibeba upesi mno hata isipate muda wa kumaliza kugeuka. Lakini ilianza: chukua kioo cha kukuzia, tazama ukingo wa punje, na mara nyingi utakuta utepe mwembamba wa kijivu cheusi unaoizunguka pande zote. Ule utepe ni ganeti iliyokamatwa njiani, ikiwa nusu imegeuka.